Jaketi la besiboli: Thamani yake imo katika ushahidi

JAKETI kuukuu la besiboli ni miongoni mwa kumbukumbu za michezo zinazosakwa sana na wakusanyaji nchini Marekani. Hata hivyo, majaketi mawili yanayofanana kwa kila hali yaweza kutofautiana mno kwa bei, kwani kinachonunuliwa si kitambaa bali ni historia ya aliyelivaa.

Majaketi haya ni ya aina mbili kuu. Kuna yale ya timu, ambayo wachezaji na makocha waliyavaa kujikinga dhidi ya baridi. Warushaji mpira waliyahitaji zaidi ili mkono wa kurushia usipoe. Pia kuna ya mashabiki. Kampuni ya Starter, iliyoanzishwa mwaka wa 1971 mjini New Haven, jimbo la Connecticut, ilieneza majaketi ya atlasi yenye nembo za timu katika miaka ya 1980. Haya yalitengenezwa kwa wingi, na huweza kupatikana hata katika marobota ya mitumba nchini Kenya.

Umri wa jaketi hubainishwa kwa lebo, vifungo, kitambaa na nembo. Ya zamani zaidi yalishonwa kwa sufu, mengine yakiwa na mikono ya ngozi. Jina la mji nalo husaidia: timu ya Dodgers iliondoka Brooklyn, New York, baada ya msimu wa 1957 na kuhamia Los Angeles. Lakini jina pekee halitoshi, kwa kuwa kampuni kadhaa hutengeneza upya mavazi ya mitindo ya kale.

Ulaghai umekithiri katika biashara hii. Katika miaka ya 1990, upelelezi wa shirika la FBI ulioitwa Operation Bullpen ulifichua mtandao wa walioghushi saini za wanamichezo, akiwemo Babe Ruth, aliyefariki mwaka wa 1948. Mwaka wa 2001, ligi kuu ya besiboli ilianzisha mpango wake wa kuthibitisha vifaa, ambavyo hubandikwa stika maalumu yenye nambari.

Kwa mavazi ya kale, wataalamu hulinganisha mishono, mikunjo na mahali nembo ilipokaa na picha za mechi. Ulinganisho wa namna hiyo uliihusisha jezi moja ya Ruth na fainali za mwaka wa 1932. Jezi hiyo, iliyouzwa kwa dola 940,000 mwaka wa 2005, ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 24 mwaka wa 2024.

Mwenye jaketi la aina hii anashauriwa asilifue ovyo, alikinge dhidi ya jua na nondo, na ahifadhi pamoja nalo barua, stakabadhi na picha zinazolihusu. Hizo zikipotea, mrithi hubaki na nguo kuukuu tu.