Shimesikio: Kila sikio lina kipimo chake

MKAZI wa Nyakoe asikiaye vyema kwa sikio moja na kwa shida kwa jingine yumo hatarini kila avukapo barabara kuu ya Kisii kuelekea Kisumu. Honi huisikia, lakini hajui inatokea upande gani, kwani ubongo hutambua chanzo cha sauti kwa kulinganisha masikio yote mawili.

Ndiyo maana shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, hurekebishwa kwa kila sikio peke yake. Mtaalamu hupima usikivu kwa desibeli, kisha hukiongezea nguvu kifaa cha sikio dhaifu hatua kwa hatua, mgonjwa akirudi kliniki mara kadhaa. Alama nyekundu ni ya sikio la kulia, ya buluu la kushoto; usivibadilishe, wala usiazime cha jirani.

Sikio lisilofaidika kabisa huvishwa kifaa kinachonasa sauti upande huo na kuipeleka kwenye sikio zima.

Kabla ya hayo yote, daktari achunguze chanzo: huenda ni nta, usaha au uvimbe. Sikio likipoteza usikivu ghafla, nenda hospitalini siku iyo hiyo.