Nani Anapiga Simu? Wasichana Majagina wa Katuni na Suala la Usikivu, kutoka Townsville hadi Meru

Katika mfululizo wa katuni za televisheni uitwao The Powerpuff Girls kuna kifaa kimoja ambacho ni rahisi kukipita bila kukitazama, nacho ni simu. Simu hiyo imo chumbani mwa wasichana watatu, Blossom, Bubbles na Buttercup, ndugu wa shule ya chekechea wenye uwezo wa kuruka angani na kuvunja majabali kwa ngumi. Kila mji wao wa Townsville unapovamiwa na jambazi au jitu, Meya huwapigia simu, nao huitika. Aghalabu jioni haijaingia kabla ya mhalifu kutiwa mbaroni na msimulizi kuwashukuru majagina hao kwa kuuokoa mji.

Historia ya mfululizo wenyewe haihitaji maelezo marefu. Craig McCracken aliwabuni wasichana hawa mwaka 1992, angali mwanafunzi katika California Institute of the Arts. Kituo cha Cartoon Network kilianza kuwaonyesha tarehe 18 Novemba 1998, kikaendelea hadi mwaka 2005. Filamu ya sinema ikatoka mwaka 2002, na mwaka 2016 mfululizo ukafufuliwa kwa sura mpya. Masimulizi ya asili yao yamejengwa juu ya shairi la kitalu la Kiingereza linalodai kwamba mtoto wa kike ameumbwa kwa sukari na viungo vitamu. Profesa Utonium anachanganya viambato hivyo kama shairi linavyoagiza, lakini kemikali isiyotarajiwa inaingia chunguni, na wasichana watokao humo ni wapiganaji. Kejeli hii ya jadi ya Kiingereza ndiyo iliyoufanya mfululizo usifiwe sana kuwa ni ukombozi wa msichana katika sanaa ya watoto.

Sifa hizo zina haki yake. Hata hivyo, zimeelekezwa kwenye ngumi, hali muundo wa visa umesimama juu ya simu. Meya wa Townsville ni kiongozi bwege. Anaweza kuwaita majagina wake waje kumfungulia chupa ya achari. Pamoja na ubwege huo, yeye ndiye anayepiga simu. Dola, lijapokuwa dhaifu na la kuchekesha, linajua kwamba uhalifu umetendeka, linawajulisha wasichana, na linawaamini. Katika Townsville msichana halazimiki kuthibitisha kwamba kuna jitu. Jitu linaonekana na kila mtu, na habari zake humfikia yeye kutoka ofisi ya juu kabisa ya mji. Makala haya yanadai kwamba dhana hii ya mwelekeo wa wito, yaani nani anamwita nani na nani anasikia, ndiyo inayopaswa kuwa kipimo cha uhakiki wa wasichana majagina hapa Afrika Mashariki.

Fasihi simulizi yetu iliuweka wito upande mwingine. Msomaji wa ngano za pwani atakumbuka kisa cha msichana aliyesahau kombe lake ufukoni, akarudi peke yake kulichukua, akakamatwa na zimwi na kutiwa ndani ya ngoma. Zimwi likazunguka vijiji likipiga ngoma hiyo, na kila lilipopiga, msichana aliimba. Kisa hiki kimeenea mno. Mahali pengine ngoma ni pipa, pengine ni mfuko, na kimesimuliwa hadi kusini mwa bara. Wahakiki wengi hukitaja kwa sababu ya hatima yake, pale zimwi linapofungua ngoma na kukuta nyuki au nyoka badala ya mtoto. Lakini penye uzito zaidi ni katikati ya kisa. Vijiji vya kwanza vilisikia wimbo ule ule. Watu walicheza, wakasifu utamu wa sauti, wakalilisha zimwi likashiba. Ni katika kijiji cha mwisho tu ambapo mama, au baba, au ndugu alisikia kwamba wimbo ule ni mtoto. (Si vibaya mhakiki wa fasihi akajiuliza yeye ni mwenyeji wa kijiji kipi.) Ushujaa katika ngano hii umegawanywa: msichana anaita, na sikio la jamaa ndilo linalomwokoa. Kwa hivyo, msichana katika ngano ni mpiga simu, na katika katuni ya Marekani ni mpokeaji. Tofauti hiyo haionekani kuwa kubwa mpaka isomwe kutoka mahali mahususi.

Chukulia Kangeta. Mji huu wa Igembe, kwenye barabara itokayo Meru kwenda Maua, unajulikana mbali kwa sababu ya miraa, hata jina lake limekuwa jina la aina mojawapo ya miraa. Mna gereza la serikali pia, jengo ambalo katika katuni hutajwa mwishoni mwa kisa na hapa ni sehemu ya mandhari ya kila siku. Katuni za Cartoon Network ziliingia nchini kupitia televisheni ya kulipia, yaani kwa wenye dishi kwanza. Baadaye, mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka 2015 na simu za mkononi zilipoanza kubeba video, mlango ukapanuka. Mtoto wa Igembe anayezitazama anasimama katikati ya lugha tatu: Kimeru cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na cha kituo cha polisi, na Kiingereza cha jagina anayeruka angani. Jambo hili la lugha halikosi maana. Lugha ambayo jagina hupokelea wito siyo ile ambayo mtoto huyu angeitumia kupiga wake.

Eneo hili lina historia yake ya wasichana waliotenda kwa pamoja, nayo haiingii kwa urahisi katika sifa za kisasa za uwezo wa msichana. Mwezi Aprili 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru. Miezi na miaka iliyofuata, wasichana wengi waliingia vichakani wakatahiriana wao kwa wao, wakapewa jina Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyelichunguza tukio hili kwa kina, ameonyesha kwamba katika muda wa miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kukiuka marufuku hiyo. Hakuna sababu ya kuutukuza uamuzi wao, kwani walikuwa wakijidhuru. Wala hakuna sababu ya kulipuuza jina lenyewe. Ngaitana ni kitenzi cha nafsi ya kwanza. Wazee walikuwa wamekaa, maafisa wa kikoloni walikuwa wamekaa, sheria ikatangazwa kuhusu miili ya watu ambao hawakuulizwa. Jibu likaja katika nafsi ya kwanza, likapelekwa mahakamani kama kosa.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye, nafsi ya kwanza ilirudi katika mahakama ya Meru, safari hii ikiwa upande wa mlalamishi. Tarehe 11 Oktoba 2012, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, ombi la kikatiba liliwasilishwa katika Mahakama Kuu ya Meru kwa niaba ya watoto 11 wa kike. Mlalamishi wa 12 alikuwa shirika la Ripples International, linalowahifadhi watoto mjini humo, na nyuma yake walikuwepo mawakili wa Kenya na wa shirika la Kanada liitwalo the equality effect. Watoto hao walikuwa wamenajisiwa. Ombi lao, hata hivyo, halikuwalenga wanajisi. Liliwalenga polisi, kwa hoja kwamba makosa hayo yaliripotiwa na hayakuchunguzwa inavyopasa, ijapokuwa Sheria ya Makosa ya Ngono ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 2006 na Katiba mpya ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Kwa msomaji wa fasihi, muundo wa shauri hili ni wa kustaajabisha, kwa kuwa umegeuza katuni juu chini. Katika Townsville ofisi humpigia simu mtoto kumwambia kuna jitu mjini. Katika Meru mtoto alikwenda ofisini kusema kuna jitu nyumbani au njiani, na ofisi haikuitika. Jitu la katuni ni la kigeni, limetoka maabara au angani, lina rangi na mkia. Mojo Jojo anatambulika kwa kofia yake tu. Majitu ya shauri hili hayakuwa na alama yoyote, na ugumu wote wa kisheria ulikuwa katika kuyafanya yaonekane. Hali kadhalika jina. Jagina wa katuni huwa na jina la kutangazwa. Walalamishi wa Meru waliandikwa kwa herufi za kwanza tu, ili walindwe. Umma ukawajua kwa idadi, "wasichana 160", kutokana na wingi wa watoto ambao malalamiko yao yalikuwa yamekusanywa wakati kesi ikiandaliwa. Herufi hizo ni barakoa ya aina yake, ila aliyeivaa hakuichagua kwa ajili ya vita. Alivalishwa na mahakama ili aweze kurudi shuleni.

Ripoti za waandishi wa habari zinasimulia kwamba watoto waliandamana hadi mahakamani wakiimba "Haki yangu". Waliowafasiria wasomaji wa Kiingereza walilitoa tamko hilo kama dai, kwamba wasichana wanataka haki zao. Kiswahili hakisemi hivyo. Hakuna kitenzi cha kutaka katika maneno hayo mawili. Kuna nomino na kimilikishi, kauli ya mtu anayetaja kitu ambacho tayari ni chake, kama asemavyo mtoto "kalamu yangu" anapokiona mkononi mwa mwingine. Pengo baina ya kutaka haki na kuwa nayo ndilo pengo lililoamuliwa na mahakama. Aidha, waliita kwa Kiswahili, lugha ya kituo cha polisi, wala si kwa lugha ya nyumbani. Wimbo ulielekezwa kwa kijiji kilichokuwa kimezoea kuusikia bila kuusikiliza.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau alitoa hukumu. Aliona kwamba polisi, kwa kuzembea, kuacha na kukataa kufanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu, walikiuka haki za kimsingi za watoto hao, na kwamba mwenendo huo ulijenga hali ambamo wanajisi hawakuogopa adhabu. Akaamuru uchunguzi ufanyike upya. Hukumu ya mahakama si kazi ya fasihi na haifai kuhakikiwa kama ngano. Lakini yafaa kutazama amri hiyo iliwafanya walalamishi kuwa nini. Hawakupewa nguvu yoyote isiyo ya kawaida. Walipewa msikilizaji.

Katika mwanga huo, kazi za Kiafrika za karibuni zinasomeka upya, na hazilingani kwa thamani. Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia, iliyotengenezwa na Triggerfish ya Cape Town na kuanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2023, inawaweka wasichana wanne wa Lusaka ya baadaye chini ya jasusi mstaafu, Mama K. Ni kazi ya kuchangamsha, na Lusaka yake ina uhai. Hata hivyo, kimuundo bado ni Townsville: mtu mzima mwenye habari anawaita vijana wasiokuwa nazo. Meya amekuwa bibi mwerevu, jambo ambalo ni nafuu, ila mwelekeo wa wito haujabadilika.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mwaka 2018, si katuni, lakini katika suala hili inaipita Supa Team 4 kwa mbali. Jo ana miaka tisa, anaugua ugonjwa usio na tiba, na anaamini au anataka kuamini kwamba yeye ni jagina. Dada yake Mwix ndiye anayelisikia hilo kwanza. Mama hataki, kwake, mapenzi ni kumlinda mtoto asichoke. Kisha kijiji kizima cha Maweni kinashawishiwa kuigiza ulimwengu ambamo nguvu za Jo ni za kweli. Huu ni undugu wa kike wa namna nyingine kabisa na ule wa Blossom na wenzake, kwa maana dada mkubwa hapigani bega kwa bega na mdogo. Anasikiliza, kisha anakwenda nyumba hadi nyumba kuwafanya wengine wasikilize. Zimwi hapa ni mauti, na halishindwi. Kijiji cha mwisho cha ngano kimerejea, bila nyuki wala nyoka.

Stycie Waweru, mtoto aliyeigiza Jo, ndiye pia aliyempa sauti jagina wa katuni Super Sema, mfululizo wa kampuni ya Kukua ulioanza kwenye YouTube tarehe 8 Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu na sauti ya Mama Dunia. Sema na pacha wake MB wanakilinda kijiji cha Dunia dhidi ya Tobor, mtawala wa kimashine asiye na moyo. Mfululizo huu una udhaifu wa kazi zote zenye nia ya kufundisha: sayansi inapewa nafasi ya kutatua kila jambo, na hofu ya mtoto haikai muda wa kutosha kabla ya kutatuliwa. Lakini umefanya jambo moja la ujasiri. Tobor ni mtawala. Ofisi na jitu vimekuwa kitu kimoja, kwa hiyo hakuna Meya wa kupiga simu wala wa kupigiwa.

Tena kuna jina. Kwa mtazamaji asiyejua Kiswahili, Sema ni jina tamu la silabi mbili. Kwa anayekijua ni kitenzi cha kuamuru, na tafsiri iliyo karibu ni kwamba msichana huyu ndiye mwenye kusema. Lakini katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, Kangeta kama Nairobi, neno hilo lina makazi mengine: ndilo ambalo mtu hulitamka anapopokea simu ya aliye karibu naye, kabla hajajua anaitiwa nini.