Mazimwi ya Hollywood na Wageni Walioyaumba

Watazamaji wa Marekani walioingia sinema mwezi Novemba 1931 kutazama Frankenstein waliona jambo lisilo la kawaida hata kabla hadithi haijaanza. Kwenye orodha ya waigizaji, mahali pa jina la anayecheza zimwi, paliwekwa alama ya kuuliza.

Aliyefichwa nyuma ya alama hiyo alikuwa Boris Karloff, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1887 kwa jina la William Henry Pratt. Alikuwa amezunguka Kanada na Marekani na vikundi vya maigizo, akaendesha malori ili mkono uende kinywani, na kucheza sehemu ndogondogo katika filamu nyingi ambazo hazikumpa jina. Umri wake ulishafika miaka 43 pale mwongozaji James Whale, naye Mwingereza, alipomwona na kuvutiwa na umbo la kichwa chake.

Kazi ya kuugeuza uso huo aliachiwa Jack Pierce, mhamiaji kutoka Ugiriki. Kila siku ya kupiga picha Karloff alikaa mbele yake kwa takriban saa nne. Pierce alimjengea paji la uso kwa matabaka ya pamba yaliyoshikizwa kwa kolodioni, kimiminika kinachokauka na kuwa kama ngozi. Kisha alimpaka rangi ya mafuta yenye ukijani na ukijivu, ambayo kwenye picha nyeusi na nyeupe ilionekana kama weupe wa maiti. Karloff alichomoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee, na kope zake zikaongezewa nta mpaka macho yakawa mazito, ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mashavu na mdomo viliachwa huru. Ndiyo maana uso wa zimwi lile unaweza kushangaa, kuogopa na kuomba.

Anayetaka kujua kwa nini filamu hiyo haijachuja na aitazame pale dari linapofunguliwa na mwanga kuingia. Zimwi, ambalo halijawahi kuliona jua, linainuka polepole na kunyoosha mikono kuushika mwanga. Dari linafungwa, na mikono inabaki wazi, ikiomba bila neno. Baadaye linakutana na mtoto Maria kando ya ziwa. Wanacheza kwa kurusha maua majini yaelee. Maua yanapokwisha, zimwi linamrusha mtoto, likidhani naye ataelea, kisha linatapatapa kwa hofu kuona hakurudi. Wakaguzi waliikata sehemu hiyo, na kwa miongo kadhaa watazamaji wengi walimwona tu baba akibeba mwili wa binti yake, wakaachwa wadhanie makubwa zaidi. Iliporudishwa miaka ya 1980, ilidhihirika kwamba mkasi uliokusudiwa kupunguza ukatili ulikuwa umeiondoa huruma.

Huruma hiyo ilikuwa na chimbuko. Studio ya Universal, iliyotengeneza Frankenstein, iliasisiwa na Carl Laemmle, Myahudi aliyehamia kutoka Ujerumani. Filamu ya Dracula, iliyoitangulia mwezi Februari 1931, ilichezwa na Bela Lugosi wa Hungaria, na lafudhi yake ya kigeni ikawa sauti ya wanyonya damu wote waliomfuata. Karl Freund, aliyeipiga picha Dracula na kuongoza The Mummy mwaka 1932, alitoka Ulaya ya kati. Curt Siodmak, mwandishi wa The Wolf Man ya 1941, alikuwa Myahudi aliyewakimbia Wanazi. Shujaa wa hadithi yake ni mtu mwema anayebadilika kuwa mnyama bila kupenda, kisha anawindwa. Watu waliojua maana ya kutazamwa kama wageni waliyapa mazimwi yao moyo wa mgeni, na Wamarekani waliopoteza kazi katika mdororo wa uchumi walimwelewa kiumbe asiye na mahali pa kwenda.

Studio zenyewe hazikulipa fadhila. Pierce aliachishwa kazi Universal miaka ya 1940, na Lugosi alifariki mwaka 1956 akiwa hana kitu, akazikwa na joho la Dracula. Mwaka uliofuata, filamu 52 za zamani za studio hiyo ziliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani, na watoto waliozaliwa baada ya vita wakakesha wakizitazama. Mwaka 1958 wakapata na gazeti lao, Famous Monsters of Filmland.

Mwongozaji wa filamu Guillermo del Toro naye aliyapenda mazimwi hayo tangu utotoni, huko Guadalajara, Meksiko. Kiumbe wa majini wa Creature from the Black Lagoon, filamu ya Universal ya 1954, anauawa bila kumpata mwanamke aliyempenda, na mwisho huo haukumtoka del Toro moyoni. Mwaka 2017 alitoa The Shape of Water, ambamo kiumbe wa namna hiyo anapendwa na mfagizi asiyeweza kusema. Machi 2018 filamu hiyo ilitwaa Oscar ya filamu bora, na del Toro, alipopokea ile ya mwongozaji bora, alianza hotuba yake kwa kusema kwamba yeye ni mhamiaji.