Bila Kikomo, Lakini Polepole

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Je, unajua tofauti kati ya data kwisha na data kubanwa? Data ikiisha, utajua tu: mtandao unakatika au unatozwa zaidi. Ikibanwa, alama ya mtandao bado inaonekana kwenye rununu yako lakini ukurasa haufunguki. Basi unaanza kulaumu simu!

Tuanzie Marekani. iPhone ilipotoka mwaka 2007, AT&T iliuza data bila kikomo. Juni 2010 ikaacha kuwauzia wateja wapya mpango huo, ikaleta megabaiti 200 kwa dola 15 na gigabaiti 2 kwa dola 25. Wateja wa zamani waliachiwa mpango wao, lakini mwaka 2011 wale waliotumia sana wakaanza kubanwa. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ikaishtaki kampuni: wateja zaidi ya milioni 3.5 walikuwa wamebanwa, wengine baada ya gigabaiti 2 tu. Kesi iliisha mwaka 2019 kwa dola milioni 60.

Mipango ya kugawana nayo ilishika kasi mwaka 2012. Verizon ilileta kapu moja la data kwa vifaa hadi 10. Gigabaiti 1 iligharimu dola 50, na kila simu janja dola 40 juu yake. Kapu likiisha, kila gigabaiti ya ziada dola 15. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza: mtoto anatazama video, mama anakosa barua pepe ya kazi. Mtambo unahesabu jumla ya kapu, haujali nani kachota.

Kubana kwenyewe ni hesabu rahisi. Ukishushwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, megabaiti 1 huchukua kama dakika nzima. Picha moja tu hiyo!

Mwaka 2017 Verizon ilirudisha mpango usio na kikomo, lakini ukipita gigabaiti 22 kwa laini moja, ungeweza kuwekwa nyuma ya foleni. Hii si sawa na kubanwa. Wa nyuma ya foleni huona shida mnara ukiwa na watu wengi tu. Aliyebanwa ni polepole hata saa tisa usiku.

Na si mchezo. Mwaka 2018, moto mkubwa ukiwaka California, wazimamoto wa Santa Clara walikuwa na laini ya Verizon "isiyo na kikomo" kwenye gari lao la mawasiliano. Ikabanwa hadi sehemu 1 ya 200 ya kasi yake. Walipolalamika, wakaambiwa wanunue mpango ghali zaidi. Ikabidi watumie simu zao binafsi. Baadaye kampuni ilikiri kwamba ilikosea, kwani utaratibu wake ni kuondoa vizuizi wakati wa dharura.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla ya kulipia mpango wa familia, uliza mambo matatu: kikomo ni cha kapu zima au cha kila laini? Kikifika, natozwa, nabanwa au napelekwa nyuma ya foleni? Na kasi inashuka hadi ngapi? Asiyeweza kukujibu la tatu, usimpe pesa zako bado.