Kabla ya mimi, walimwita babu wa babu yako hana dini

Wasee, kabla hamjaanza kuniombea, nipeni dakika mbili za historia.

Kiswahili kinaniita mkana Mungu. Hebu lisikize hilo neno. Kukana ni ya kortini, mshtakiwa amekana mashtaka. Yaani kesi ishaamuliwa na mimi ndiye mbishi. Lakini mimi sijakana mtu ninayemjua. Sijashawishika, basi. (Na siabudu shetani. Ili umwabudu lazima kwanza uamini yuko.)

Hii lebo ni ya kitambo sana. Warumi waliwabandika Wakristo wa kwanza, juu walikataa kutambikia miungu ya dola. Karne ya 2, Mtakatifu Justin aliandika kuwatetea, na akakubali: kwa miungu hiyo, kweli sisi hatuamini. Huyo ni mtakatifu, si mimi.

Hapa kwetu, Krapf alifika Mombasa 1844, akaanzisha misheni Rabai 1846. Shule na kanisa zikaja pakiti moja. Ukitaka kusoma, unabatizwa. Kijana Kamau alibatizwa Thogoto 1914 akawa Johnstone, na baadaye mkamjua kama Jomo Kenyatta. Wazee walioomba wakitazama Kirinyaga wakaitwa wapagani, watu wasiomjua Mungu. Baadaye CRE ya kidato cha kwanza ikatufundisha kwamba hao wazee walikuwa na Mungu miaka yote hiyo. Manze, msamaha waliombwa lini?

Kinachoniuma ni kwamba tulikaribia kurekebisha. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza dini ifundishwe kama somo la kitaaluma, kama jiografia tu. Ujue kuhusu imani, si uvutwe ndani. Lakini sheria ya elimu ya 1968 ikayaacha makanisa kama wafadhili wa shule. 8-4-4 ikaleta somo la maadili lisilo la dini yoyote, nalo likaja likafutwa. Ya 2013 inamwambia mfadhili alinde dini na dhehebu la wengine. Asiye na dini hatajwi, ingawa Katiba, kifungu cha 32, inasema hakuna kulazimishwa kufanya kitendo kilicho kinyume na imani yako.

Nikiwa kidato cha pili niliuliza darasani: tumesoma Mungu wa Wakikuyu, tumesoma wa Wakamba, mbona hatusomi kuhusu wasioamini? Nilipiga magoti nje mpaka kengele ya lanchi.

Mimi sitaki CRE ifutwe, bana. Niliipenda, na KCSE nikapata A. Hakuna msahihishaji aliyeuliza kama naamini nilichoandika, na hapo ndipo somo lilikuwa sawa kabisa. Shida ilikuwa ibada ya Jumapili, ya lazima kwa kila mtu. Mimi walinipangia laini ya mbele, ndio naibu wa mwalimu mkuu aone kama midomo yangu inasonga.