KAULI YA NESI ILIFUNDISHWAJE? Kutoka mdoli wa 1911 hadi wodi ya kwenye kompyuta

1/
Wadau, mfululizo wetu wa historia ya uuguzi unaendelea. Kuna swali limejirudia sana inbox: hivi haya mambo ya kufundisha manesi kwenye dunia ya kompyuta, mtu anaongea na mgonjwa wa kuigiza huko huko ndani, yalianzia wapi? Na yanatuhusu nini sisi? Uzi ni mrefu, chukua chai.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili ni zito. Msikilize mwananchi anayelalamikia hospitali. Mara nyingi halalamikii sindano, analalamikia kauli: "Nesi alinijibu vibaya." Na kauli sio urembo wa kazi. Mama mjamzito aliyefokewa kliniki anaweza asirudi hudhurio linalofuata. Presha ikipanda akiwa nyumbani, tutakuja kumwona siku anayoletwa na kifafa cha mimba.

Sasa, sindano tunajua inafundishwaje. Kauli je?

2/
Twende mwaka 1911, Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Mkuu wa chuo cha manesi cha Hartford Hospital, Lauder Sutherland, alichoka kuona wanafunzi wakijifunzia kugeuza na kuogesha kwa midoli ya kujazwa majani. Akamwendea mtengeneza midoli maarufu, Martha Jenks Chase, akamwomba amtengenezee mdoli wenye ukubwa wa mtu mzima. Ukapatikana, na ukaja kujulikana kama Mrs. Chase.

Toleo lililofuata, la 1914, lilikuwa na sehemu ya mkono ya kuchomea sindano. Vizazi vya manesi vilijifunza mikono yao kwa Mrs. Chase. Lakini mdoli haulii, haukatai dawa, haukuulizi "dada, kwani nitapona?" Mikono ilipata mwalimu, mdomo ukaachwa ujifunze wenyewe wodini, kwa wagonjwa wenyewe.

3/
Wazo la kujifunza maneno kwa kuigiza lilitoka sehemu nyingine kabisa. Daktari Jacob Moreno, aliyekulia na kusomea Vienna, alikuwa na jukwaa la maigizo ambapo watu walicheza bila maandishi, kila mmoja akitunga palepale. Alihamia Marekani 1925, na mwaka 1936 akafungua hospitali yake Beacon, jimbo la New York, yenye jukwaa la kutibia wagonjwa kwa maigizo.

Mbinu yake moja naomba muishike, tutaihitaji mbele: kubadilishana nafasi. Mnagombana wewe na mama yako? Basi cheza wewe kama mama, mwenzako acheze kama wewe. Unasikia maneno yako mwenyewe yakikurudia. Jamani, hiyo inauma, na inafundisha.

4/
Aliyeleta maigizo kwenye mafunzo ya udaktari ni Howard Barrows, daktari wa neva, Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, mwaka 1963. Barrows alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia. Mgonjwa mmoja alikuwa anatumiwa kwenye mtihani wa madaktari wa neva. Mtahiniwa mmoja akamfanyia ukali. Yule mgonjwa akambadilishia dalili makusudi! Yaani daktari alipata dalili zisizo sahihi kwa sababu ya ukali wake, sio kwa kukosa elimu.

Rudia kusoma hapo kama wewe ni mwanafunzi. Historia ya mgonjwa unayoipata inategemea unavyouliza.

Barrows akamfundisha mwanamke mmoja, modeli wa wachoraji, aigize mgonjwa aliyepooza miguu, kwa jina la kubuni Patty Dugger. Wanafunzi walimpima, na yeye baadaye aliripoti kila mmoja alifanyaje. Madaktari wenzake hawakufurahi, na magazeti yakafanya mzaha kwamba Hollywood imeingia chuo cha udaktari. Lakini kwa mara ya kwanza, upande wa mgonjwa ulitoa maksi.

Mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha mtihani wa vituo, OSCE. Hapo sasa wenzangu tunakutana: kengele inalia, unahama kituo, jasho linatoka. Kituo cha ushauri nasaha, yule aliyekaa pale akijifanya mgonjwa ni mjukuu wa Patty Dugger.

5/
Shida ya waigizaji ni gharama na umbali. Lazima uwafundishe, uwalipe, na wote mkutane sehemu moja. Ndipo kompyuta ikaingia.

Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilifungua Second Life. Ni dunia ndani ya intaneti: una mwili wako wa kuchora, avata, unatembea, unajenga, unaongea na avata za watu wengine. Vyuo vikajenga wodi humo. Uingereza, Chuo Kikuu cha Coventry na St George's, London, waliendesha mradi ulioitwa PREVIEW, ambapo wanafunzi wa huduma ya gari la wagonjwa walifika kwa avata zao kwenye tukio, wakajadiliana na kuamua wamfanyie nini mgonjwa.

Faida ilikuwepo. Mwalimu mmoja anaweza kuwa mzee leo, kesho mjamzito. Wanafunzi wa miji tofauti wanakaa kitanda kimoja. Mwenye aibu anathubutu, kwa sababu anayeonekana ni avata. Na mazungumzo ya kuandika yanabaki, mnayasoma tena pamoja: "Hapa mgonjwa alitaja hofu yake, wewe ukaruka ukamuuliza choo."

Ila angalia na upande wa pili. Mpaka 2007 ndani ya Second Life watu walikuwa wanaandika tu, sauti ilikuja mwaka huo. Kauli bila sauti ni nusu kauli. "Subiri" ya upole na "subiri" ya kukaripia zinaandikwa sawasawa. Na sura ya avata haikuonyeshi jicho lililoanza kulengwa machozi.

6/
Halafu kuna suala la kodi. Kisiwa kizima humo kilikuwa dola 295 kwa mwezi, vyuo vikilipa nusu. Oktoba 2010 kampuni ikatangaza kwamba punguzo la vyuo linafutwa kuanzia Januari 2011. Bei mara mbili! Vyuo vingi vikahama, vingine vikaenda OpenSim, programu ya bure inayofanana nayo. Punguzo lilirudishwa 2013, lakini waliohama walishahama. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, hata nyumba ikiwa ya kompyuta.

Leo tunaambiwa habari za miwani ya uhalisia pepe na wagonjwa wanaojibu kwa akili mnemba. Sizipingi. Lakini kila kinachokuja nakiuliza maswali matatu: mgonjwa anajibu kulingana na ninavyomwambia? Baadaye ananiambia alijisikiaje? Naweza kukaa mimi kwenye nafasi yake?

7/
Na hayo matatu hayahitaji umeme. Chukueni viti vitatu siku ya kikao cha wodi. Mmoja awe bibi wa miaka 60 mwenye kisukari, ambaye mguu lazima ukatwe. Wa pili nesi. Wa tatu mtoto wa bibi, anayetaka mama yake asiambiwe. Dakika kumi. "Shikamoo bibi" iwe ya kweli, sio ya kupita.

Mkimaliza, bibi aanze kusema: "Uliposema hivi, nilijisikia hivi." Nesi asijitetee, asikilize tu. Kisha badilishaneni viti. Aliyekuwa nesi akalie cha bibi.

Waliojaribu wodini kwao, njooni kwenye komenti mseme ni sentensi gani mliibadilisha. Na wanafunzi mnaosubiri OSCE, muulizeni mgonjwa wenu wa kuigiza kile kituo kilikuwaje kwake. Uzi unaofuata: chati ya joto la mgonjwa ilivyoanza.