Picha Chafu Katika Simu: Wajibu wa Serikali na Wajibu wa Mzazi

SUALI

Mimi ni mtu wa Pemba, nafanya biashara ya nguo Sumbawanga, mkoa wa Rukwa. Mbele ya nyumba yangu nina fremu niliyompangisha kijana anayechaji na kutengeneza simu, na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Mwezi uliopita mama watoto alikuta kwenye simu ya mwanetu wa miaka 13 kadi iliyojaa video za ngono. Mtoto alipoulizwa alisema amewekewa hapo hapo kwenye fremu yetu. Nimewauliza wenzangu sokoni. Mmoja anasema hii ni kazi ya Serikali, ifunge mitandao yote hiyo. Mwengine anasema Serikali haihusiki, kila mtu achunge nafsi yake. Lipi sahihi katika dini yetu? Na kodi ya fremu ile naweza kuila?

JAWABU

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu yetu, kila mmoja katika wenzako ameshika upande mmoja wa jambo na kuuacha mwengine. Tutaeleza mpaka wa kila mmoja, kisha tuje kwenye fremu yako.

Hukumu ya asili

Kutazama picha hizi ni haramu, na hakuna khilafu katika hilo. Allah (Subhanahu wa Taala) amewaamrisha Waumini wanaume na wanawake wainamishe macho yao (An-Nur 24:30-31), na amekataza hata kuikaribia zinaa (Al-Israa 17:32). Kuzisambaza ni dhambi kubwa zaidi, kwani Allah amewaahidi adhabu iumizayo, duniani na Akhera, wale wanaopenda uchafu uenee kwa Waumini (An-Nur 24:19). Anayetazama anajidhulumu nafsi yake. Anayeuza anawaharibu watoto wa watu.

Mpaka wa Serikali

Wanachuoni wameliweka suala hili chini ya mlango wa hisba, yaani kuamrisha mema na kukataza maovu kwa mamlaka. Imamu al-Mawardi katika al-Ahkam as-Sultaniyya na Imamu al-Ghazali katika Ihya, wote wa madhehebu yetu ya Shafi, wanaeleza kuwa muhtasib hukataza ovu lililodhihiri, wala hana ruhusa ya kupeleleza yaliyositiriwa majumbani. Msingi wake ni katazo la kupelelezana katika Suratul Hujurat (49:12). Al-Mawardi ametoa nafasi pale ambapo kuna khabari ya kuaminika ya dhara isiyoweza kurudishwa, kama mtu anayekaribia kuuawa.

Kwa kipimo hicho, duka, kibanda cha video, tovuti na kundi la simu linalosambaza uchafu ni mambo ya dhahiri, na Serikali ina haki na wajibu wa kuyazuia. Picha za watoto wanaofanyiwa uchafu zinaingia katika ile dhara isiyorudishika, na hapo uchunguzi ni wajibu. Mtu mzima aliyejifungia chumbani na simu yake hesabu yake iko kwa Mola wake, na anayemjua amnasihi kwa siri.

Sheria za nchi zinasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu cha 50. Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya mtandao. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 13 kinahusu picha za ngono za watoto, na faini yake haipungui milioni 50. Huko Bara uliko, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, nayo inakataza biashara ya picha na vitu vichafu. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018.

Kwa hiyo anayesema Serikali haihusiki amechelewa. Imeshaingia, na imeingia zaidi kwa upande wa anayesambaza. Hilo halipingani na msingi wa fiqhi tulioutaja.

Kwa nini sheria peke yake haitoshi

Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) inaweza kuagiza tovuti zifungwe. Lakini kadi ya mwanao haikupita katika tovuti. Ilijazwa kwa kompyuta ya fundi, mkono kwa mkono, na mtoto anaweza kuitazama hata simu ikiwa haina bando. Nyengine hupita WhatsApp na Telegram, zile ambazo vijana huziita "konekisheni". Hakuna mtambo wa Dar es Salaam utakaoiona kadi iliyomo mfukoni mwa mtoto Sumbawanga. Atakayeiona ni mama aliyeshika simu ile.

Wewe unaishi katika mji ambao wenyeji husema jina lake lina maana ya "tupa uchawi". Sheria ya Uchawi iko tangu mwaka 1928. Juu ya hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kundi la Kamchape lilizunguka vijiji vya Ufipa likiwataka watu watoe dawa na pembe zao hadharani, na wengine wakatuhumiwa na majirani kuwa ni wachawi. Khofu ya uchawi haikwisha, lakini majirani walioumizana walibaki. Msako wa nyumba kwa nyumba husafisha ua, na huacha fitna ndani.

Uganda nao wamepata somo. Sheria yao ya kupinga ponografia ya mwaka 2014 ilieleza kosa kwa maneno mapana mno. Baada ya kutiwa saini, wanawake walishambuliwa barabarani na makundi ya watu kwa sababu ya mavazi. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vyake vikuu. Sisi tunaamrisha sitara, lakini kumvua mwanamke nguo barabarani kwa jina la maadili ni munkar mkubwa kuliko ule uliodaiwa kuzuiwa.

"Kila mtu achunge nafsi yake"

Kauli hii ni sahihi kwa mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa mtoto haisimami. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amefundisha katika Hadithi ya Ibn Umar, iliyopokelewa na al-Bukhari na Muslim, kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto ni katika kinachochungwa. Hata Uingereza, wanaoutukuza sana uhuru wa mtu binafsi, tangu Julai 2025 wanazilazimisha tovuti hizi kuthibitisha umri wa anayeingia.

Kodi ya fremu

Kodi uliyopokea kabla ya kujua ni halali yako, kwani ulipangisha kwa kazi ya halali. Tangu siku uliyojua, hukumu imebadilika. Allah amekataza kusaidiana katika dhambi na uadui (Al-Maida 5:2), na haijuzu kumpangisha mtu unayejua kuwa anatumia mahali pako kwa haramu. Mkanye. Akiacha, mkataba uendelee. Akikataa, mtoe, hata fremu ikikaa tupu miezi sita.

Hatua za kuchukua

1. Zungumza na kijana wa fremu leo. Umeuliza watu wa sokoni, umeniuliza na mimi, lakini hukusema kama umemuuliza yeye.

2. Akiendelea kuwauzia watoto, mfikishe kwa serikali ya mtaa, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Aliyoko Visiwani aanzie kwa sheha.

3. Usimrushie mtu video hizo kama ushahidi. Kuzituma kunaweza kukutia wewe katika kosa lile lile. Kama ndani yake mna mtoto au mtu unayemjua, huyo ni aliyedhulumiwa. Msitiri, na jambo lake lifike Polisi tu.

4. Simu ya mtoto itumike ukumbini, usiku ilale kwa mama yake. Kumpa mtoto simu bila ya mpaka ni kosa letu wazee kabla ya kuwa lake.

5. Kaa na mwanao faragha. Mfundishe hukumu za baleghe, josho na kuinamisha macho, mambo ambayo wengi wetu tunaona haya kuyataja mpaka fundi simu akatutangulia. Alipoulizwa, alisema kweli. Ukimpokea kwa bakora, umemfundisha kuwa kesho aseme uongo. Mfungulie mlango wa toba, na aone kuwa baba yake naye ameacha kitu kwa ajili ya Allah, hata kama ni kodi ya fremu.

Tunamuomba Allah atuhifadhie watoto wetu, walioko Visiwani na walioko ugenini.

Wallahu aalam.